Usiufunge Moto kwa Blada

Mpendwa dada yangu Wangui,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mikono yako yote miwili ikiwa mizima pia. Goti la Mami linaendeleaje? Baridi ya Mweiga imepungua, au bado mnaamka na kukuta viazi vimechomwa na barafu? Huku ng'ambo jangwani joto ni lile lile la kukausha mate mdomoni. Mimi nakula vizuri na kazi ya hoteli inaendelea, lakini sina amani, na sababu ni wewe.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatusikizani. Jumapili nilipokuomba uachane na hiyo fimbo ya kuzungusha moto, ulinipandishia sauti: "Ati niache? Wewe uko huko unachezea wageni moto, halafu mimi nikae tu hapa na ng'ombe? Kwani mimi niko na mikono ya karatasi?" Halafu ukakata. Barua huwezi kuikata, kwa hivyo keti uisome mpaka mwisho.

Nimeitazama video uliyonitumia mpaka macho yakaniuma. Kwanza niliona dirisha la sebuleni halina pazia wala bomba la kulitundika, nikajua bomba la fimbo umelitoa wapi. Nilicheka, nikajiuliza umemdanganya Mami vipi. Kisha ukaisogeza fimbo karibu na kamera, na kicheko kikaniisha. Tambi za kuwashia moto kwenye ncha zake umezikata kutoka kwa sweta yako ya shule. Wangui, sweta ile si pamba. Ikishika moto inayeyuka, inadondoka kama plastiki, na ikikugusa inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuwaka. Halafu umezifunga kwa blada, mpira ule ule tunaofungia mitungi ya maziwa kwenye pikipiki! Najua kwetu blada hufunga kila kitu, kuanzia mlango wa zizi mpaka kiti cha nyanya yetu, Cucu. Lakini mpira ukipata moto unalegea, na fimbo ikizunguka kwa kasi, utambi unaowaka unachomoka na kuruka unakotaka. Nyuma yako niliona nyasi kavu za ng'ombe zimepangwa hadi kwenye mabati. Nyuma ya nyasi ni ukuta wa chumba cha Mami.

Tangu siku hiyo simu ya nyumbani ikilia naogopa kuishika. Juzi Mami alinipigia asubuhi, nikashindwa kushika mpaka alipopiga tena. Kumbe alitaka tu kunilalamikia: "Huyu dada yako anashinda huko kwa ng'ombe na petroli ya mashine ya nyasi, sijui anatengeneza nini." Petroli! Nilikaa chini palepale kwenye korido, wageni wakinipita na masanduku yao.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kwenye video zangu navaa mikono mirefu siku hizi, nikakuambia ni sare mpya. Si sare. Mwenzangu Okello, tunayecheza naye, skrubu moja ya fimbo yake ililegea tukiwa katikati ya onyesho. Utambi ulinirukia, ukajizungusha hapa mkononi, kati ya kiwiko na kifundo. Skrubu ya chuma, Wangui, iliyokazwa na mtu anayeijua kazi hii. Sasa blada? Nimerudi kazini, lakini kila nikizungusha fimbo macho yangu yako kwenye skrubu tu, na siku hizi wageni wakipiga makofi huwa siwasikii. Tafadhali usimwambie Mami.

Nilipoanza barua hii nilitaka kukukataza kabisa. Lakini nakujua, na nimesikia umeshawaahidi watu wa harusi moja ya Nyeri kwamba utawachezea moto. Kwa hivyo kifurushi ulichopewa pamoja na barua hii kina utambi wenyewe, ule usioyeyuka, na skrubu zake. Nimempa Muthoni, tunayefanya naye kazi hapa, kwa kuwa anakuja likizo kwao Sagana. Ingiza kipande cha mti ndani ya kila ncha ya bomba ili skrubu zipate pa kushika. Chovya tambi kwenye mafuta ya taa, wala si petroli, kisha ukung'ute fimbo mpaka isidondoke. Vaa pamba, funga nywele kwa kitambaa kilicholoweshwa. Chezea kule shambani mlikochimba viazi, mbali na zizi, na Mami asimame kando na blanketi lililolowa. Ndiyo, itabidi umwambie. Na kwenye harusi usiingie na moto ndani ya hema hata bwana harusi mwenyewe akikupigia magoti.

Msalimie Cucu, umwambie dawa yake ya kifua nitaituma. Msalimie mjomba Karanja akipita na mchele wake kutoka Wang'uru. Mami mrudishie pazia lake.

Nakuomba jambo moja tu. Siku utakayoiwasha mara ya kwanza, nipigie kwa video, umpe mtu simu aishike. Sitakugombeza, sitasema hata neno. Ukiona upande wangu dari tupu, usidhani nimeondoka. Nitakuwa nimegeuza simu ili usinione nimefumba macho. Ukimaliza, niite kwa jina.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Muriithi