Mashine Isiyojua Buni

Jumatatu, 14 Agosti 1995

Nimefuta kioo cha kamera ya mashine mpya ya kuchambua buni mara ya tatu leo. Bure. Nikiweka ukali kwenye sabini, mashine inapuliza nje nusu ya buni nzuri. Nikishusha hadi arobaini, punje nyeusi zinapita tele. Hamsini na tano, inafanya makosa yote mawili kwa pamoja. Kitabu chake ni cha Kireno. Imenunuliwa Brazili ikiwa imeshatumika. Meneja anataka sampuli ya mnada wa Moshi Ijumaa. Tangu kampuni yake inunue kiwanda kutoka kwa chama cha ushirika, kila kitu ni Ijumaa.

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa. Akina mama wote thelathini na wanane wanaochambua buni kwa mkono wako kanisani. Mimi niko na mashine. Umeme umekatika saa nne, umerudi saa nane. Vipimo vyote nilivyoweka vimefutika. Nimeipiga teke. Mguu unauma.

Jumatano, 16 Agosti

Mama Haule, msimamizi wa wachambuaji, amesimama kwenye ndoo ya buni zilizokataliwa. Akachota kiganja.

"Fundi, mbona mnatupa buni ya Umatengo? Hii nyeupe ni ngozi tu. Ukisugua inatoka."

Akasugua. Ikatoka. Siku tisa nimehangaika, yeye kaona kwa dakika moja. Nimeona aibu, halafu hasira. Halafu nikamwomba anichagulie trei tatu: nzuri, nyeusi, zilizotobolewa na wadudu. Nizipitishe mbele ya kamera, mashine ijifunze.

Amechagua mpaka saa kumi. Mwishoni akauliza, "Ikishajua, sisi je?"

Nikasema sijui. Uongo. Meneja aliniambia juzi.

Alhamisi, 17 Agosti

Imekubali. Ukali sitini na mbili, na ngozi nyeupe inaiacha ipite. Meneja kanipiga bega.

Saa tisa karatasi imebandikwa ukutani. Majina thelathini na manane, kazi mwisho kesho. Skola, mmoja wa wachambuaji, aliwasomea wasiojua kusoma, mpaka akafika jina lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya kompresa ya upepo, najifanya nakaza nati. Mwoga mkubwa.

Ijumaa, 18 Agosti

Mama Haule amekuja kuchukua vitu vyake. Akapita kwenye gunia la sampuli, akasimama, akanusa. Akachakura, akatoa punje moja ya rangi safi kabisa. Akaipasua kwa kisu. Imechacha ndani, inanuka.

"Hii moja inaharibu birika zima," akasema. Angeweza kunyamaza. Ningekuwa mimi, ningenyamaza.

Zilipatikana nyingine kama hiyo. Nikamwita meneja, nikazipitisha kwenye mashine mbele yake. Mara tano. Zote zikapita mara tano. Nikamwambia hakuna kipimo cha harufu humu, hata nikae nayo mwaka mzima.

Meneja kazinusa mwenyewe. Halafu: "Wabaki wanne tu. Chagua wewe."

Kwa nini mimi? Nimemwandika Mama Haule wa kwanza. Hao wengine watatu nimewaandika na kuwafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Jumapili, 20 Agosti

Nimemkuta Mama Haule nje ya kanisa. Shikamoo, marahaba, nikampa habari ya nafasi yake. Kakataa.

"Mpe Skola. Ana mimba, na mume wake yuko huko Tunduru, harudi."

Nikabishana naye mbele ya watu. Nikamwambia ukweli: nataka akubali ili nipate usingizi.

Kacheka kidogo. "Mwanangu, usingizi wako siyo kazi yangu."

Akaondoka na wenzake kuelekea mtaa wa Majengo. Nimekasirika njia nzima. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumatatu, 21 Agosti

Skola kafika saa moja kasoro. Nimemwonyesha pa kukaa, karibu na dirisha. Wanne, kwenye ukumbi mrefu. Wananusa buni, wanaongea kwa sauti ya chini. Mashine imekwenda kutwa nzima bila kusimama. Sikuwa na la kufanya. Mchana nimefagia.