Kopo la Vidonge

Likoni, Ijumaa

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limepoa tangu ulipoacha kupanda ngazi za juu. Nisalimie Kuluthum na wanawe. Sisi huku, Alhamdulillahi, tunapumua. Mjukuu wako Hadi ameota meno ya chini na sasa hakuna kidole kilicho salama humu ndani. Barua hii atakukabidhi mkweo Anis, anakuja Lamu kwa shughuli ya mjombake. Hajui kilichomo, nami nakuomba uisome ukiwa peke yako. Ningekupigia simu, lakini nikiisikia tu sauti yako nitalia kabla sijasema neno.

Mama, naogopa.

Unakumbuka ulivyonikuta ulipokuja kwenye arobaini ya Hadi. Mtoto analia, nami namtazama kama mtoto wa watu. Uliniletea kombe la aya kutoka kwa maalim nikalinywa, ukaondoka moyo wako ukiwa huku. Baadaye Anis akasikia kliniki kwamba wanatafutwa akina mama walioshikwa na huzuni baada ya kujifungua, kwa utafiti wa dawa. Muuguzi anayetusimamia, Sista Josephine, alitueleza wazi kwamba dawa yenyewe bado haijathibitishwa. Kwa hiyo kompyuta hupiga kura: wengine hupewa dawa, wengine vidonge vya sura ile ile ambavyo ni vitupu, na hata yeye na daktari hawajui nani kapata vipi. Alisema bila kulinganisha hivyo, hakuna awezaye kujua kama mtu kaponywa na dawa au na siku kupita. Mtu akizidiwa, siri yake hufunguliwa ijulikane alikuwa akimeza nini. Nikakubali.

Niliingia pamoja na Kache, mke wa Baya, jirani tunayechangia naye ukuta wa chumbani. Ndiye aliyekuletea mboga ya mchunga wa nazi ukamsifu. Naye alikuwa amejifungua na machozi hayamkauki.

Wa kwanza kuinuka alikuwa yeye. Alianza kusuka nywele, akarudi kunitania kupitia dirishani. Alilalamika tu kwamba mdomo unamkauka, akawa hatembei bila chupa ya maji. Mimi sikuhisi lolote, si zuri si baya.

Siku moja akanijia na sahani yangu ameijaza mihogo. Alisema anamsikia Hadi kupitia ukutani, na ananisikia mimi nisivyoinuka. Akasema vyake vinaonekana ni dawa kweli na vyangu ni vitupu, na yeye hawezi kushiba upande ule mimi nikilala njaa upande huu. Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kutomrudishia jirani sahani tupu, na Kache kafunzwa hivyo hivyo kwao. Tukamimina vidonge vyake na vyangu kwenye kopo moja la maziwa, tukavikoroga kwa mkono, tukagawana. Tukawa tunafanya hivyo kila tukipewa vipya. Sista alipohesabu vilivyobaki, hesabu ikatimia, akatusifu. Tulijiona tumefanya wema.

Nami nikapona. Ulinisikia kwenye simu nikimwimbia Hadi, ukashukuru, ukasema kombe limefanya kazi. Nikakuacha uamini hivyo.

Kache naye akaanza kurudi nyuma. Aliacha kusuka nywele, kisha dirisha lake likawa halifunguliwi. Mtoto wake akawa analia upande wa pili muda mrefu bila sauti ya mtu kumbembeleza. Nikimuuliza anasema ni uchovu. Juzi alitoka akamwacha mtoto amelala, akakutwa kivukoni amekaa chini karibu kabisa na maji. Walipomuuliza anakwenda wapi, hakujua. Baya alikimbia kutoka kazini Kipevu akampeleka hospitali, na huko siri yake ikafunguliwa.

Jana Baya alikuja kutueleza. Kache alikuwa amepewa dawa kweli. Madaktari wanasema basi dawa hiyo haikumfaa, na Jumatatu wataanza kumpa nyingine kali zaidi, yenye hatari zake. Katika utafiti ataandikwa kuwa ni mama aliyemeza dawa yote na bado akazidiwa. Baya akaniuliza, maadamu tulikuwa tukimeza pamoja, kama mkewe aliwahi kuruka siku. Nikamwambia hakuruka hata moja. Ni kweli, na nilitamani ardhi inimeze.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Kosa la kuchanganya tulilifanya sote wawili kwa kutojua. Langu ni jingine. Mara tu baada ya kuchanganya, mdomo wangu ulianza kukauka, na wa Kache ukaacha kumsumbua. Nilijua, Mama. Nilijua nakula dawa ya nani. Mtoto wake alipokuwa akilia ukutani nilijua kwa nini, nikawasha redio. Niliogopa kwamba nikivirudisha nitarudi kule nilikokuwa. Basi kila asubuhi nikameza, nikasema Alhamdulillahi.

Anis akishapanda basi nambeba Hadi nakwenda hospitali kuwaambia daktari na Sista. Wakijua alikuwa akipata nusu tu, hawatamhesabia kuwa dawa imemshinda. Sijui watanifanya nini mimi. Namwogopa Baya. Lakini vidonge sina haki navyo tena, na kopo ninakwenda nalo.

Nisalimie wakubwa wote, na maalim mwambie namshukuru. Uniombee Kache kabla ya kuniombea mimi.

Na wewe mwenyewe, tafadhali, panda basi na Anis atakaporudi, usingoje goti. Sijui watanipa matibabu gani, wala kama watanipa. Naijua tu ile sauti ya Hadi akilia nami nisiisikie. Usiniache peke yangu naye.

Mwanao,
Fairuz