Kioo Kwenye Ukuta wa Kaskazini

Basi yule mzee wa chooni bado hajatoka, mshauri wangu mpendwa, na ndiyo maana nakuomba msaada, maana Jumamosi fundi anakuja kumgandisha pale kwa gundi, azungushie na vigae, na akishagandishwa ndiyo basi tena. Andika, Bakoly, usinitazame hivyo. Bakoly ni jirani yangu, ananiandikia, mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kapu la mboga kichwani.

Ngoja nianze vizuri. Mwanangu Tiana anatengeneza upya bafu letu lenye choo ndani hapa Antananarivo, kabomoa lile la zamani lililokuwa na bomba linalokohoa, katia vigae vyeupe, akaniambia, "Mama, kioo chagua wewe." Yaani mimi nichague, mshauri! Tangu niolewe nasukia nywele kipande cha kioo kama kiganja, ukiona sikio hulioni shavu. Tukaenda Andravoahangy kwa mafundi wa mbao, mke wa Tiana, Lalaina, anataka cha duara, nikamwambia duara ni sinia, mimi nataka kikubwa cha kuniona kuanzia kichwani mpaka magotini, chenye fremu ya mbao nyekundu. Muuzaji akasema, "Bibi, hiki ni cha saluni." Nikamwambia na mimi nasuka. Fundi wa bafu akataka kukiweka pembeni, nyuma ya mlango, nikamkatalia, kitu kizuri hakifichwi nyuma ya mlango, kitu kizuri kinakaa kaskazini wanakokaa wakubwa, hata wewe kwako unajua. Kikatundikwa kaskazini kwa misumari, ukifungua mlango tu unakutana nacho.

Sasa mume wangu Ratsimandresy, ambaye akili zinampotea tangu mvua za mwaka juzi, mimi bado ananijua, lakini uso wake mwenyewe haujui tena, kafungua mlango wa choo kakuta mzee kasimama upande wa wakubwa. Kavua kofia. Na yule kavua kofia. Sasa utampitaje mtu mzima wa namna hiyo? Kainama, kanyoosha mkono wa kulia, "Azafady, baba, naomba njia," na yule naye kainama. Kila mmoja anangoja mwenzake amruhusu. Wakangojana mpaka mume wangu akajilowesha pale mlangoni, mwanaume aliyekuwa anasemea ukoo mzima kwenye posa na kwenye misiba, mtu wa kunyamazisha uwanja kwa kukohoa tu, akanigeukia macho yamemjaa, akaniambia, "Mstaarabu sana yule bwana, lakini haoni kwamba nimebanwa."

Nilicheka, mshauri. Halafu sikucheka tena, maana imekuwa kila siku, na Lalaina ndiye anayefua, simlaumu, ana mgongo mbovu tangu azae, kasema, "Mama, baba ashushwe kile chumba cha chini, awekewe ndoo." Kile chumba kiko pembe ya kusini magharibi, wazee wetu walikuwa wanafungia kuku. Nikamwambia mume wangu hatalala kwa kuku mimi nikiwa na meno. Akasema, "Meno gani, mama?" Huyo ndiye mkwe wangu, mdomo anao. Tiana akasema, "Basi tutoe kioo," na mimi, nakwambia kweli, kile kioo nakipenda. Juzi, kwa kushika kile kipande changu kisogoni, nimeiona misuko yangu ya nyuma kwa mara ya kwanza, kumbe bado nina shingo. Nimewaza kukihamishia ukuta wa kusini, wanakokaa wadogo, ili yule mzee ageuke mdogo, mume wangu ampite bila kumwomba, Tiana kacheka mpaka kakaa chini. Je, kusini kutafaa? Au nikivunje? Kushuka chini mume wangu hashuki, hilo nimelimaliza, ninachouliza ni kioo tu, halafu nilisahau kukuambia, siku hizi hata maji ya ukoko tukishachemsha baada ya wali, anamwekea yule mzee kikombe chake pale mlangoni, anasema kasimama muda mrefu na hajala, na mimi...

"Mama, njoo. Baba kasimama tena mlangoni."

Lalaina ananiita. Bakoly, ipeleke hivyohivyo.

*

Mama Tiana,

Najua ulikokimbilia, kwa hiyo naanzia hapo. Ukimkuta amesimama, usimwambie "huyo ni wewe". Utamwongezea aibu juu ya haja. Yeye aliwasemea watu maisha yake yote, leo msemee wewe. Simama kando yake, kiambie kioo, "Azafady, baba, tunapita," halafu jibu wewe mwenyewe, "Piteni." Mshike mkono, ingieni.

Sasa univumilie, mama yangu, nikugombeze. Fundi alikuambia nyuma ya mlango, ukamkatalia. Chooni hakuna kaskazini ya wakubwa, kuna mtu aliyebanwa. Ulimweka mzee kwenye kiti cha heshima, halafu unashangaa mumeo akimheshimu. Na ukimhamishia kusini, leo atampita, kesho atamtuma maji, na yule asipotii atamrushia fimbo, utaokota vipande. Kukivunja nakukataza. Umesukia kioo cha kiganja tangu uolewe, hiyo shingo ni haki yako.

Jumamosi fundi asiguse gundi. Kioo kiende nyuma ya mlango, na kwanza kirudi Andravoahangy kitiwe milango miwili ya mbao, kama dirisha, na komeo la juu. Asubuhi, mumeo akiwa bado anakunywa kikombe chake, wewe fungua, suka, jitazame mpaka uridhike, ufunge kabla hajainuka. Hilo usilisahau hata siku moja, kwa sababu siku utakayolisahau ni Lalaina atakayefua.

Lalaina mwambie mgongo wake nimeusikia. Tiana ana mikono miwili, afue na yeye. Kioo kikishafungwa, na mumeo bado akawa anajilowesha, hapo si kioo tena, mpelekeni kwa daktari. Chumba cha chini kibaki cha kuku, hapo uko sahihi na usirudi nyuma.

Siku ya kwanza ukifunga, mumeo atauliza yule bwana yuko wapi. Mwambie ameaga, amekwenda kwao, ameshukuru kwa maji ya ukoko, na amesema hajapata kukaa na watu wenye adabu kama nyinyi.