Jogoo wa Asubuhi

Jumanne jioni

Bado naogopa. Mama atapasuliwa kesho asubuhi, na leo nesi alipomuuliza mwaka wa kuzaliwa alijibu, "Mwaka wa nzige." Nikamkaripia Mama bure.

Kilichotutuliza ni chemshabongo ya miraba gazetini, ya wanyama ambao Wachina huipa miaka yao majina yao. Aliyeitunga ni fundi kweli: joka limekatiza katikati, na kila mnyama ameshikana na mwenzake. Mama alicheka. "Kumbe hata wao miaka yao iko na majina! Lakini wamemsahau nzige."

Alipobaki mnyama mmoja, yule anayewika, akanishika mkono. "Jogoo ni wa asubuhi. Nitamwandika mwenyewe nikiamka."

Gazeti nimeliacha hospitalini, chini ya mto wake. Kalamu nimeikuta mfukoni mwangu, hapa nyumbani Dundori.