Fremu ya Fifame Haikuyumba

Karakana ya Sagbo, Fundi Chuma,
Njia ya Abomey, mkabala na kinu cha mawese,
Bohicon.
9 Novemba 2016

Mpendwa mdogo wangu Sedjro,

Nakusalimu mara tatu: moja yako, moja ya mkeo Ablawa, na moja ya hao watoto mliowazaa huko Libreville ambao sijawaona sura. Mmeamkaje? Mgongo wako vipi? Uliniambia bandarini mnabebeshwa magunia kama punda wa mfalme. Kama bado unauma, jipake mafuta ya mawese ya moto kabla ya kulala, usiwasikilize wauza vidonge.

Mimi ni mzima. Jicho la kushoto linatoa machozi kukikucha, lakini hilo ni jicho la fundi, lisipotoa machozi ujue mwenyewe alikuwa mvivu. Meno ninayo yote isipokuwa yale yaliyotoka. Mvua zimekwisha, mahindi yamekuwa ya wastani, na ukuta wa nyumba ya marehemu mama nimeuziba mwenyewe, sikumwita mtu.

Naandika kwa mkono wangu. Jirani alitaka kuniandikia kwenye simu yake nikakataa. Nilisoma miaka mitatu kwa mapadri, na hiyo miaka mitatu ni bora kuliko kumi na mitatu ya vijana wa leo. Tena simu ya hapa ukizungumza mtaa mzima unasikia, na yaliyomo humu si ya mtaa mzima. Usiruke mistari kutafuta matokeo ya binti yako. Soma kwa mpango, kama ninavyoandika.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Ulisema Fifame akianguka mtihani unamtumia nauli aje kuuza samaki wa moshi na mama yake, kwa sababu miaka minne ya kunusa chuma kwangu inamtosha msichana. Sikukujibu. Nilikasirika siku mbili, halafu nikaogopa, na nikiogopa huwa sijibu barua.

Sasa nikueleze mambo yalivyobadilika huku, maana wewe umeondoka zamani. Enzi zetu mtoto alikuja na chupa ya sodabi, ile pombe kali ya mchikichi, baba yake akapiga magoti mbele ya fundi, basi. Akafagia, akatumwa, akapigwa makofi, akajifunza kwa macho. Siku yake ikifika fundi anamfungua mbele ya mafundi wengine, anampa cheti chenye picha, mtoto anamwagiwa poda, watu wanakula. Cheti cha fundi ndicho kilichokuwa cheti.

Siku hizi serikali imeingia kati. Wanasema vijana wenye shahada wamejaa mjini wanaendesha pikipiki za abiria, na kazi za mikono hazina watu waliopimwa. Hilo mimi nililisema mwaka ule Papa alipotutembelea mara ya kwanza, hakuna aliyenisikiliza. Basi wamepanga hivi: mwanagenzi akae karakana siku tano, Alhamisi aende kituo chao akasome, na mwisho wake kuna mtihani mmoja wa nchi nzima. Usipokuwa na cheti cha mtihani huo hupewi kazi ya madirisha ya shule wala ya zahanati, na ukifungua karakana yako wanakuuliza karatasi iko wapi. Cheti changu mimi, chenye picha yangu nimesimama na nyundo, sasa ni pambo la ukutani.

Mwalimu wa kituo alikuja mwenyewe kuniomba hiyo Alhamisi. Anaitwa Kpadonou, mtoto wa juzi, shati limenyooka.

Nikamwambia, "Kijana, nionyeshe mikono."

Akanionyesha. Nikamwambia, "Hii ni mikono ya kukanda unga wa mahindi wa akasa. Utamfundisha nini mwanangu?"

Akacheka, hakukasirika. Akasema, "Mzee, nitamfundisha kuandika kile ambacho wewe unamfundisha kufanya."

"Mimi sijaandika kitu na milango ya nusu ya mji huu nimeifunga mimi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza, Mzee."

Ni mjanja. Nikampa Alhamisi. Lakini nilimpa kwa kununa.

Sedjro, sasa nafika penye mzizi. Wewe unajua desturi yetu sisi wa nyundo. Fundi hatoi yote. Kuna jambo moja la mwisho analibana mpaka siku ya kumfungua mwanagenzi, pale anapopiga magoti juu ya mkeka, ndipo unamnong'oneza sikioni. Fundi wangu alinibana hivyo miaka mitano. Ukitoa yote mapema, mtoto anatoroka usiku wa pili na kufungua karakana mkabala na yako.

Jambo langu la mwisho ni kuzuia fremu isipinde. Ukichomelea pembe moja ya fremu ya mlango, moto unaivuta, na ukimaliza pembe nne unaiweka chini inayumba kama meza ya muuza pombe. Wanagenzi wangu wote wanakata, wanapima, wanashikiza. Ikifika kuchomelea pembe, nawatuma. Wewe kalete akasa, wewe kalete pilipili, wewe kamwangalie yule mteja kama anakuja. Wakirudi, fremu imelala sawa kama maji mtungini, wanashangaa. Nimefanya hivyo miaka thelathini na minane, na Fifame nilimtuma akasa kama wenzake. Damu yangu ni damu yangu, desturi ni desturi.

Ikatoka habari kwamba mtihani wa vitendo wa mwaka huu ni fremu ya mlango. Mtihani uko Septemba, kumfungua ni Novemba. Unaona mtego huo? Serikali inataka mtoto apimwe kwa kitu ambacho fundi wake bado hajampa.

Mke wangu alinifuata karakana mbele ya watu. "Mwambie mtoto."

"Siku yake haijafika."

"Siku yake ni mtihani."

"Mtihani ni siku ya serikali. Siku yake naipanga mimi."

Akasema, "Basi akianguka umpange pia kwenye lori la samaki." Akaondoka zake. Huyu mwanamke nimekaa naye miaka arobaini na bado ana maneno mapya.

Sikumwambia mtoto. Hata wiki ya mtihani sikumwambia. Nilimwangalia akinoa patasi yake, akifunga kile kitambaa chake chekundu kichwani, nikawa najiambia Sagbo, wewe ni jiwe, na jiwe halitembei.

Asubuhi ya mtihani alinisalimia kwa magoti, nikamwekea mkono kichwani, akapanda pikipiki ya abiria akaenda. Nikawasha mashine yangu ya kuchomelea. Nikaunguza vipande viwili ovyo, mimi, ambaye siunguzi. Nikazima. Nikachukua pikipiki nyingine nyuma yake, na njiani nilikuwa nayapanga maneno yawe machache, ili niyaseme yote kwa pumzi moja kabla hajaingia.

Nikakuta wameshafunga geti. Mlinzi ananiuliza, "Mzee, wewe nani?"

"Mimi ni fundi wake."

"Mafundi wote wanangoja chini ya kibanda kule."

"Nina neno moja tu la kumwambia."

"Kila fundi aliyekuja leo ana neno moja tu." Akanigeuzia mgongo. Sijawahi kugeuziwa mgongo na mtu aliyevaa kandambili.

Nikasimama kwenye waya wa ua. Toka hapo unaiona sakafu ya saruji walipokuwa wanafanyia mtihani, watoto ishirini na mmoja, wasichana wawili. Nikamwona wangu. Akakata vizuri. Akapima kona kwa kona mara mbili, kama nilivyomfundisha. Akashikiza pembe nne. Hapo nikageuka nikatazama barabara, kwa sababu hapo ndipo mimi huwatuma akasa, na sikutaka kuona asichokijua.

Msimamizi alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, ametoka Cotonou. Anachukua fremu ya kila mtoto, anailaza kwenye saruji, anabonyeza pembe kwa kiatu chake, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikagonga, ko-ko. Ya pili ikagonga. Ya mwanafunzi wa yule Azonhin, anayejisifu kila kikao cha chama chetu, ikagonga mpaka barabarani wakasikia. Kusema kweli hiyo moja ilinipoza moyo kidogo.

Ikafika ya Fifame. Akabonyeza ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Akazunguka, akabonyeza ya tatu na ya nne, kisha akapiga goti na leso yake nzuri akatazama kwa chini kama kuna upenyo. Hakuna. Akasimama akaandika kwa muda mrefu.

Mdogo wangu! Nilikaa chini pale pale kwenye majani na suruali yangu ya kikao. 

Binti yako amefaulu. Amekuwa wa pili katika eneo zima kwa ufundi chuma. Cheti kina muhuri na namba, nimekipapasa mwenyewe. Hiyo nauli ya lori mpe Ablawa anunue kitambaa.

Alipotoka getini nikamuuliza, kabla hata ya kumpongeza, "Nani kakufundisha kuchomelea pembe?"

Akatazama chini. "Mwalimu Kpadonou, Baba Mkubwa. Alhamisi."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka mzima unajua, na nikikutuma akasa unaenda?"

Akasema, "Ulikuwa na njaa, Baba Mkubwa."

Nikasimamisha pikipiki, tukapanda wote wawili, tukarudi nyumbani.

Nilikwenda kituoni kuhakikisha. Kpadonou akanionyesha kitabu. Ukurasa mzima, umechorwa kwa mishale: choma pembe hii, ruka uende inayotazamana nayo, acha ipoe, kabla ya hapo umeinamisha fremu kidogo upande wa pili ili moto ukivuta uinyooshe. Kitu nilichokibana miaka thelathini na minane, Sedjro, kimepigwa chapa na kinauzwa. Niliuliza kilichorwa lini. Akasema hata yeye alikikuta. Nikanywa maji, nikamwambia mishale yake ya tatu na ya nne imechorwa vibaya. Akatazama, akasema kweli. Akaichukua kalamu akarekebisha mbele yangu. Mikono ni laini, lakini masikio anayo.

Kwenye kikao cha chama nilisema nilimpa Fifame siri mapema kwa sababu fundi mwenye akili huenda na wakati. Walipiga makofi. Azonhin alinipa kiti chake. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Ukiacha Fifame na mwalimu wake, ukweli unao wewe peke yako, na mke wangu, ambaye huwezi kumficha kitu.

Jumamosi iliyopita nimemfungua. Nilichinja mbuzi wawili, si mmoja. Mke wangu alipika maharage, akasa na samaki wa kukaanga mpaka vyombo vikaisha mtaani. Picha nimeitia humu: huyo aliyejaa poda nyeupe mpaka kope ni mwanao, na huyo mzee mrefu ni mimi. Nikammwagia sodabi Gu, mungu mwenye chuma, mafundi wakasimama duara, nikamkabidhi nyundo, akapiga magoti juu ya mkeka.

Ikawa saa ya kumnong'oneza. Kila mtu aligeuka kututazama, hata watoto, maana wanajua hapo ndipo kinapotoka kitu. Nikainama. Nilikuwa nimepanga kusema siri yote taratibu, naye asikilize kama anaisikia mara ya kwanza, kwa sababu angefanya hivyo, mtoto yule, angefanya hivyo bila kutikisa kope. Lakini maneno yalikataa. Nikamwambia sikioni kitu kingine. Nikamwambia, "Siku ya mtihani nilikuja getini kukwambia. Nilichelewa."

Hakuinua kichwa. Akasema polepole, kwa chini, nisikie mimi tu, "Najua, Baba Mkubwa. Nilikuona kwenye waya. Ndiyo maana mkono haukutetemeka."

Nikakaa nimeinama pale kwa muda, mafundi wakadhani siri ni ndefu.

Nisalimie Ablawa na umwambie binti yake anakula vizuri. Nisalimie Kossivi wa Porto-Novo kama bado mko naye bandarini, na mama mkubwa wa Ablawa, yule aliyenipa kofia. Mke wangu anawasalimu nyote, na Fifame atakuandikia mwenyewe, mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Mizimu ya wahunzi wetu ikuwekee mgongo imara, na Mungu akurudishe Bohicon ukiwa unatembea kwa miguu yako.

Ni mimi kaka yako nikupendaye bila kubana kitu,

Sagbo