Dramu Zangu Zashindwa na Chupa ya Soda

Mpendwa Bi Nekoye,

Nakusalimu sana na natumaini u mzima, mimi huku Nakuru mwili ni mzima lakini roho haina raha, na kabla hujaitupa barua hii naomba uniwie radhi kwa sababu najua wewe huandikiwa mambo ya waume waliotoroka na mawifi wachongezi, na langu ni jambo la maikrofoni, lakini sina mwingine wa kumwuliza, na mke wangu Cheptanui ndiye husoma ukurasa wako kila Ijumaa akaniambia, "Andikia huyo mama, yeye hujibu kila mtu, hata wale wajinga."

Jina langu ni Kiprugut, nafanya kazi reli na naishi katika nyumba za reli, vyumba viwili na jiko, na mimi ni mpiga dramu katika bendi yetu ya watu watatu, mimi na Kipkemboi mwenye gita na binamu yake anayeimba, na dramu zenyewe nilizipata kwa shida, zilikuwa za bendi moja ya askari zikatupwa, nikazishona ngozi upya mwenyewe, dramu kubwa ya mguu, ndogo yenye waya chini, na matoazi mawili, moja lina ufa lakini halijambo. Tepurekoda pia ninayo, ile ya magurudumu mawili, niliinunua mwaka wa sitini na nane kwa mzungu wa Njoro aliyekuwa akiuza vitu ahame, na ndani ya sanduku lake nikakuta gazeti la Kiingereza la mambo ya muziki, nikalisoma na kamusi pembeni miezi miwili, na limesema wazi kabisa kwamba dramu hurekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizoning'inizwa juu ya kichwa cha mpigaji.

Sasa mimi ninayo moja tu, ndogo, iliyokuja na mashini, nikasema nianze na hiyo, nikapanda kwenye meza nikaifunga kwa kamba ya katani kwenye boriti, juu kabisa, shubiri moja tu chini ya mabati, nikapiga, nikarudisha tepu nikasikiliza, Bi Nekoye, ilitoka kelele kama mtu amemwaga vijiko kwenye karai, nikapiga kwa nguvu zaidi nikidhani mashini haisikii, ikawa mbaya zaidi, nimerekodi hivyo mara kumi na moja tangu Pasaka na kila mara ni vijiko na karai.

Kipkemboi alikuja Jumapili akasikiliza, akaomba chupa ya soda na kijiko, akagonga ile chupa mbele ya maikrofoni huku binamu yake akipiga gita, na ikatoka safi, Bi Nekoye, ting ting ting, kila kitu mahali pake, halafu akaniangalia akaniambia, "Kiprugut, sisi ni marafiki, lakini Jumamosi ya mwisho ya Julai mimi napeleka tepu Nairobi kwa wale watu wa sahani za santuri. Kama dramu haitakuwa imetoka, tunaenda na chupa." Miaka sita tumepiga pamoja, kwenye harusi na kwenye mabaa mpaka Molo, na sasa chupa ya soda inikalie kwenye kiti changu.

Basi nikamdanganya, nikamwambia shida ni maikrofoni tu na nimeshaagiza nyingine, kumbe sijaagiza, nikatoka mbio kesho yake mpaka dukani kwa Mahesh karibu na soko, naye ni mtu mzuri akaniruhusu nijaribu, anazo mbili ndogo kama ile yangu, bei yake naiweza zote mbili, na anayo moja kubwa nzito ya chuma kama zile za mikutano, hiyo bei yake ni sawa na zile mbili pamoja, na moja kwenye kabati la kioo ambayo sikuthubutu hata kuuliza. Nikazijaribu vizuri, haloo haloo, moja mbili tatu, zile ndogo zikatoa sauti yangu tamu kama msoma habari, ile nzito ikanifanya kama mtu mwenye mafua, kwa hiyo moyo wangu uko kwa zile ndogo mbili, na gazeti pia limesema mbili, lakini Mahesh akakuna kichwa akasema, "Ndugu, mimi nauza, lakini wewe enda fikiria kwanza. Nitakuwekea mpaka Jumamosi."

Na nyumbani hakuna amani, kwa sababu nilimfokea Cheptanui kwamba ni sufuria zake zinaharibu tepu, naye akaniambia, "Baba Kibet, mimi nikiwa huku jikoni hizo dramu nasikia mzuri sana. Kwani hiyo mashini ni kiziwi?" Nilikasirika.

Nakutumia tepu yenyewe usikie, ila sikiliza mwanzo tu, mwisho ni upuuzi, nilikuwa nimechoka nikaishusha maikrofoni nikaiweka nyuma yangu juu ya masanduku ya nguo, yale mawili yamepangana na yamefunikwa blanketi, nikadhani nimezima mashini kumbe bado inazunguka, nikawa napiga polepole tu kwa sababu mtoto alikuwa amelala chumba cha pili. Hiyo usiihesabu.

Niambie ninunue zipi, na nizifunge wapi, maana Julai si mbali.

Ni mimi,
Kiprugut, Nakuru


BI NEKOYE ANAJIBU

Kiprugut,

Miaka saba nimekaa kwenye kiti hiki nikijibu waume, wake, mawifi, na mama mkwe mmoja aliyeibiwa kuku na mkwewe. Maikrofoni ni ya kwanza. Nimeifurahia mpaka nikamsukuma mwanamke mmoja wa Kericho angoje wiki nyingine, naye anisamehe, kwa jinsi alivyonieleza habari za mumewe nina hakika atakuwa bado hajarudi.

Pole kwa mambo ya chupa. Kuondolewa na mtu mwenye mikono miwili kunauma, sembuse kuondolewa na chupa. Sasa futa machozi nikugombeze kidogo.

Mimi sijui lolote kuhusu maikrofoni, kwa hiyo nilifanya ambalo wewe hukufanya, nikauliza. Chini ya ofisi yetu yuko fundi wa redio anaitwa Shabir, mtu wa maneno machache, mezani kwake daima kuna chuma cha kulehemu chenye moto na redio iliyofumuliwa matumbo. Nilimpelekea tepu yako. Alisikiliza kidogo tu akauliza, "Mama, huyu mtu ameweka maikrofoni ndani ya debe?" Nikamsomea barua, pale penye shubiri moja chini ya mabati. Alicheka mpaka akashika meza. "Basi anarekodi bati," akasema. "Dramu iko huko chini, inasikika kwa mbali."

Sikumwamini. Jikoni kwangu pia hakuna dari, kwa hiyo jioni nilipanda kwenye stuli mpaka kichwa kikakaribia kugusa bati, nikamwambia binti yangu agonge sufuria sakafuni. Kiprugut, kila alipogonga mara moja mimi nilisikia mara mbili, moja inatoka chini na nyingine inashuka kutoka kwenye bati, zikagongana hapa hapa masikioni hata nikaona kizunguzungu. Nikashuka nikaketi kando ya magunia ya viazi. Akagonga tena. Sufuria moja, safi. Nina miaka hamsini na miwili, nimepika chini ya mabati maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba bati hujibu. Binti yangu anadhani nimerukwa na akili, lakini nimeshapanda kwenye ile stuli mara nne.

Basi sikia. Lile gazeti lako halikukudanganya. Liliandikiwa mtu mwenye nyumba kama ya yule mzungu wa Njoro, yenye dari ya mbao, zulia na mapazia mazito. Huyo akiambiwa afunge juu ya kichwa, juu kwake hakuna wa kumjibu. Wewe ulisoma maneno na kamusi, hukusoma paa lako. Na hata hivyo, juu ya kichwa si kwenye boriti! Ni juu ya kichwa cha mtu aliyeketi. Ulikimbilia mbinguni bure.

La pili. Ulikwenda kuchagua maikrofoni ya dramu ukaijaribu kwa mdomo. Huko ni kununua kiatu ukakipima mkononi. Shabir anasema zile ndogo ndani yake mna kipande chembamba cha jiwe linalong'aa, hupenda sauti ya mtu anayezungumza taratibu, lakini dramu ikipigwa kwa hasira hupayuka. Hiyo uliyo nayo ni dada yao. Ile nzito ina waya uliosokotwa kwa ndani, na hata kama inakupa mafua ukisema haloo, haitishwi na kishindo. Imezoea mikutano, imeshapigiwa makelele makubwa kuliko yako. Ile ya kwenye kabati la kioo inataka umeme wake yenyewe na watu wa kuidekeza. Iache hapo hapo.

La tatu, na hili Shabir alilisema akitikisa kichwa. Mashini yako ina tundu moja la maikrofoni. Ina sikio moja. Hizo mbili ungezichomeka wapi? Mahesh alipokuna kichwa alikuwa akikuonea huruma, na muuzaji anayekuzuia kununua ni mtu wa kushukuriwa.

Lakini usikimbie dukani bado, maana hatujafika penyewe.

Nyuma ya ukurasa wako wa tatu uliandika mstari mmoja ukaukata kwa wino, tena ukaukata mara mbili. Wino wako ni hafifu. Nikaiinua karatasi dirishani nikausoma. Uliandika: "Ama pengine si maikrofoni, ni mimi." Kurasa zote zile za katani na boriti uliziandika ili usiulize hilo, na hilo ndilo swali lako. Mtu akiogopa jibu hununua vitu. Nimeona wanaonunua kitanda kipya, wewe unataka kununua maikrofoni mbili.

Nitakujibu, lakini kwanza nikutume kazi.

Shusha ile maikrofoni kutoka kwenye boriti leo. Chukua mablanketi, na kama hayatoshi azima magunia kwa jirani, uyatandaze kwenye kamba chini ya mabati, juu ya dramu zako zote. Maikrofoni iweke nyuma ya bega lako la kulia, usawa wa sikio, mbali kama urefu wa mkono. Sindano ya mashini yako, ile inayopima ukubwa wa sauti, isiguse pale pekundu hata kidogo. Kisha mkalishe Cheptanui kwenye kiti chako apige anavyojua, nawe uende ukaweke kichwa chako pale maikrofoni ilipo, unyamaze, usikilize. Hujawahi kusikia dramu zako ukiwa nje yake. Mkeo amezisikia kila siku kutoka jikoni na alikupa jibu sahihi kabla yangu mimi na Shabir, nawe ukamfokea. Mwombe radhi kwa maneno yenye sauti. Kununua kitenge bila kusema kitu hakuhesabiki.

Jumamosi nenda kwa Mahesh na ile dramu ndogo na lile toazi lisilo na ufa. Usiseme haloo. Piga. Kama ile nzito itatoa dramu zako vizuri kushinda hiyo ya nyumbani, inunue hiyo moja, na zile mbili umwachie msoma habari mwingine. Kama haizidi, rudi na pesa zako. Halafu mwite Kipkemboi umwambie hukuagiza kitu chochote. Miaka sita ya harusi inaweza kubeba uongo mmoja, lakini ungamo lifike kabla ya treni ya Julai.

Sasa ule mstari. Ndiyo, nusu ni wewe. Mashini ilipokataa uliongeza nguvu, na Kipkemboi alipogonga chupa ukaongeza tena, na katika tepu yako yote hiyo mtu haisikii bendi, anasikia mtu anayegombana na paa lake.

Yote isipokuwa mwisho. Uliniambia nisiusikilize, na mtu akiniambia hivyo mimi huanzia hapo hapo. Ni dakika moja na kitu. Maikrofoni ni ile ile ndogo ya bure, dramu ni zile zile za askari, toazi ni lile la ufa. Lakini uliiweka nyuma ya bega, juu ya blanketi, mbali na bati, na ulipiga kwa mkono wa mtu ambaye mtoto wake amelala. Mguu unasikika, waya unasikika, toazi linapumua, na mahali fulani Cheptanui anaimba chini chini jikoni, naye yuko sawasawa na mapigo yako. Usiifute dakika hiyo. Kama mambo mengine yote yatakushinda, mpe Kipkemboi aisikilize kabla hajanunua soda nyingine.

Shabir aliirudisha mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anakagua mashini, na mara ya pili alitaka kujua maikrofoni imekaa wapi. Mara ya tatu nilimwuliza anatafuta nini, akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Tulipomaliza, chuma chake cha kulehemu kilikuwa kimepoa mezani. Miaka saba napita mlangoni pale, sijawahi kukiona kimepoa.

Bi Nekoye