Hukumu Ambayo Sikuisoma

Dada Evelina,

Nimeficha hukumu kwa miaka kumi na minane, na sasa daktari ameniambia nihesabu wiki, si miezi, ndiyo maana naomba unisaidie kufikiri, peke yangu nimeshindwa. Nilikuwa jaji. Mwaka ule wa vurugu, Nestory Luhaga, mfanyabiashara wa dagaa pale Kirumba, alikaa rumande miezi minane bila kushtakiwa, akafungua shauri la kikatiba, tukalisikiliza majaji watatu. Wenzangu walisema nchi inawaka, si wakati wa kuifunga serikali mikono. Mimi niliona Katiba iliandikwa kwa ajili ya siku kama zile, nikaandika kurasa kumi na moja za kumwachia. Desturi yetu, jaji anayetofautiana na wenzake huisoma hukumu yake mwenyewe mbele ya watu. Siku ilipofika nilikuwa nayo kwenye jalada, nikatia saini ile ya kwao, nikanyamaza. Kulikuwa na shinikizo, dada, nyakati zile zilikuwa ngumu. Nestory alikaa ndani mwaka mwingine, mkewe akafa yeye akiwa humo. Na huyo huyo kila Jumamosi ananiletea sato, kwa sababu anakumbuka nilivyombana wakili wa serikali kwa maswali, na hukumu ilikuwa ya Kiingereza, hakuisoma, anaamini nilizidiwa kura. "Kula, mheshimiwa, samaki huyu hana rufaa," ananiambia, nami nakula. Nikimwambia namrudishia haki yake au namwongezea kidonda? Kunyamaza labda ni huruma, labda ni woga uleule, sijui tena.

Jaji mstaafu, Mwanza

Shikamoo babu,

Pole kwa maradhi, lakini uzee hautakuepusha na maneno yangu. Samaki wa mtu uliyemdanganya unammezaje? Usijifiche nyuma ya huruma. Nestory alishampoteza mke, kweli yako haitamuua. Jumamosi usile kwanza. Mweleze ulichosaini, kisha msomee zile kurasa kwa Kiswahili. Akiondoka na samaki wake, mwache aondoke. Na hilo shinikizo ulilolipita mbiombio, atakuuliza lilitoka kwa nani. Uwe na jina.

Evelina

Dada Evelina,

Nimemsomea. Alisikiliza kurasa zote, kofia mapajani, kisha akauliza taratibu, "Nani alikutisha, mzee?" Nilitafuta jina kwa kila mkubwa wa enzi zile. Hakuna aliyenipigia simu, wala aliyebisha hodi. Wiki nzima kabla ya hukumu nilikaa nikisubiri mtu aje kunitisha, na hakuja mtu.